Trei za Mayai

Hapa Chanzuru ukitaka kuwajua wataalamu wa sauti, tangaza tu kwamba unageuza banda la gari kuwa chumba cha kusikilizia muziki. Muuza chipsi ni mtaalamu. Bodaboda ni mtaalamu. Na wote dawa yao ni moja: "Mzee, bandika trei za mayai."

Trei! Boksi jepesi vile linapunguza vile visauti vyembamba vya juu, tena kidogo. Besi inapita bila hata kupiga hodi. Wimbi la besi linalotetema mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Banda langu lote halifiki hapo. Sasa trei italifanya nini wimbi hilo?

Na mimi sitaki makubwa. Nataka kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe, aliyelivumisha jina la Morogoro hii yetu, gitaa lake lisikike uzi kwa uzi, siyo baada ya kugonga tofali za saruji na kurudi limechoka. Dawa yenyewe wala si siri. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza kubeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi wa jirani na kuipanga kwenye ukumbi uliokuwa na mwangwi, huku akipima kwa saa sauti inakawia kiasi gani kufa. Mito, jamani. Siyo trei.

Nilipoigusa mito ya sebuleni kwangu nikaelezwa kwamba huko Harvard hakuna wageni wa Idi.

Basi nikakimbilia sufi. Fundi seremala akaunda fremu za mbao zenye unene wa sentimita 15, tukazijaza sufi, tukazifunika kanga kuukuu, maana kanga inaachia sauti ipite ikamezwe ndani. Fundi alizibatiza "vitanda vya kusimama" na akanitoza bei ya vitanda.

Jirani mwenye mashine ya kusaga akadhani nazijenga kwa ajili yake. Hazimhusu. Kutuliza sauti iliyomo ndani ni kazi moja, kuizuia ya nje ni nyingine; hiyo inataka ukuta mzito na mlango usio na upenyo, na mlango wangu ni bati. Paa nalo bati. Masika ikifungua, Mbaraka anaimba peke yake, mimi nasikiliza mvua.

Zikabaki kona. Besi hujazana kwenye kona, kwa hiyo huko ndiko kunakotaka kitu kinene kuliko kwingine kote. Niliyasema haya wakati wa chakula, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, na mama watoto akanisikiliza kwa adabu ambayo ingemtia wasiwasi mtu mwingine yeyote. Mahindi yalipotoka shamba nikafungua mlango, nikakuta kona zote nne zimejaa magunia hadi kwenye kenchi.

"Baba, si ulisema kona zinataka vitu vinene?"

Shemeji zangu wa Ilonga nao wametuma salamu. Kona wamesikia zimekwisha, lakini wameambiwa, sijui na nani, kwamba hata ukuta wa nyuma ya kiti changu una mwangwi. Na mwaka huu, kwa bahati mbaya, kila mtu amevuna vizuri.