Lori la Korea Halikosei

Lori la Korea halina breki, na dereva wake hana likizo. Binti anasimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, taa imewaka kijani, barabara yote nyeupe, hata baiskeli haipiti. Ng'ambo ya pili yupo kijana aliyekuwa akimtafuta tangu kipande cha tatu. Wanatabasamu. Muziki unaanza. Hapo mimi huweka kikombe mezani, kwa sababu najua kinachokuja. Mwanga mkali, honi, lori, na binti, badala ya kuruka pembeni kama mtu aliyefunzwa na mama yake, anageuka na kulitazama.

Sisi tunavuka Barabara ya Mandela saa moja asubuhi, bodaboda kulia, daladala kushoto, mama aliye mbele yako kabeba trei mbili za mayai, na tunafika wote, mayai yakiwemo. Seoul kuna taa, kuna vivuko, kuna njia za chini ya ardhi, na bado wapenzi wanakwisha.

Tabia hii ni ya siku nyingi. Katika Autumn in My Heart, ya mwaka 2000, watoto wawili wanabadilishwa hospitalini, mmoja anakuja kufa kwa saratani ya damu, na kijana aliyebaki kumlilia anagongwa na lori. Winter Sonata ikafuata mwaka 2002: ajali, kupoteza kumbukumbu, na mwishoni upofu. Zote mbili ni za mwongozaji mmoja, Yoon Seok-ho, na ningependa sana kujua alikuwa na ugomvi gani na askari wa usalama barabarani. Stairway to Heaven ya mwaka uliofuata haikuwa yake, lakini waliopokea kijiti hawakulala: gari likamgonga binti, kumbukumbu zikapotea, na ziliporudi zikaja na saratani ya macho.

Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Korogwe kwa matibabu ya goti na kuamua kwamba goti linapendelea sebule yetu, ana pingamizi la kitaalamu. "Amesahau mchumba, amesahau na mama yake," husema, "mbona kupaka rangi ya mdomo hajasahau?" Kisha ananiambia nisizime.

Nyumba yetu iliingiliwa na Jumong. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Bruce Lee, nikiamini kwamba filamu kutoka Asia ni mzee mwenye ndevu nyeupe, kijana aliyeuliwa baba na ngazi ndefu ya mawe. Saa moja na nusu, adui kalala chini, unarudi kwako. Jumong haikuwa hivyo. Ilirushwa na kituo cha MBC mwaka 2006 hadi 2007, ikapangwa iwe vipande 60, Wakorea wakaipenda, wakaongezewa hadi 81. Wao walikuwa wanaongezewa raha. Mimi nilikuwa naongezewa umeme.

Wanaoikumbuka watamkumbuka mhunzi Mo-pal-mo, yule mpenda pombe anayehangaika kufua upanga usiovunjika mbele ya panga za dola la Han. Kila akijaribu, unavunjika. Anafua upya, unavunjika. Mtaa mzima ulikuwa na uchungu na yule mhunzi, wapo waliomwombea. Usiku ambao hatimaye upanga mpya uliinuliwa kujaribiwa, Luku yetu ikaisha. Mke wangu akamulika kwa simu, mimi nikawa nabonyeza zile tarakimu 20, nikakosea moja katikati, nikaanza tena. Jumong waliangalia wengi, kwa hiyo mlio wa chuma kwa chuma niliusikia ukutani kwa jirani, ukifuatiwa na vigelegele. Nilikuja kuuona upanga ule ukiwa tayari umezoeleka.

Halafu kuna yule kijana wa kujaza muvi kwenye flashi. Ni kijana mwenye adabu, anakuita "mzee" na anakupunguzia bei, ila kwenye flashi yetu aliwahi kuweka vipande kumi na tatu vya tamthilia moja, na cha kumi na nne kikawa cha nyingine kabisa, ya Kichina. Majoho yaleyale, mapaa ya nyumba yaleyale, maandishi ya chini yanakimbia. Stelingi alikuwa amenenepa na ameota masharubu. Mahali pengine popote watu wangeshtuka, lakini sisi tulikwisha kufundishwa kuruka nyuma miaka ishirini bila kuagwa. Shangazi akatufafanulia kwamba huyu ni baba yake stelingi enzi za ujana. Tukamkubalia. Tukamwonea huruma baba, tukamchukia mke mkubwa, na mwanangu akaanza kulia mfalme alipougua. Hadi leo hatujui yule mfalme alipona au la, na kwa jinsi Wachina wanavyorefusha mambo ya ikulu, sina haraka ya kujua. Ile ya bibi Zhen Huan peke yake ina vipande 76, na karibu kila kipande kuna mtu kawekewa kitu kwenye chai.

Sasa niseme la Dae Jang Geum, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotoka kwenye runinga ikaja kukaa nasi.

Kwa asiyeijua: ni ya mwaka 2003, Lee Young-ae ndiye stelingi, na inahusu binti yatima anayeingia jikoni kwa mfalme, anaonewa weee, na mwishoni anakuwa tabibu wa mfalme mwenyewe. Mwanamke wa jina hilo anatajwa kweli katika kumbukumbu za kifalme za Korea. Mwanzoni, akiwa bado mtoto, mwalimu wake anamwambia, "Niletee maji." Analeta. Mwalimu anayakataa, anamwambia tena kesho yake, niletee maji. Analeta ya moto, yanakataliwa. Analeta ya baridi, yanakataliwa. Mpaka siku mtoto anakumbuka desturi ya mama yake, na kabla ya kwenda kuyachota anauliza: tumbo linauma? Leo umepata choo? Koo linakuwasha? Akijibiwa kwamba koo lina shida, analeta maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwambia anywe taratibu. Mpishi, kumbe, ni mtu anayemjua mlaji. Mimi ile sehemu ilinigusa, sifichi. Nikamwambia binti yetu, wakati huo yuko darasa la tatu: umeona?

Alikuwa ameona.

Jumamosi moja walikuja wazee kumposa mdogo wangu. Watu wazito, kanzu zimenyooka, mshenga kakaa mbele na maneno yake ya mafumbo, na kando yake babu mmoja mwenye bakora ambaye tulishaonywa kwamba ndiye mwenye msimamo mkali upande wao. Jua lilikuwa kali. Babu akaomba maji. Binti akatoka jikoni na sinia tupu, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akainua uso na kuuliza kwa sauti ya shuleni:

"Shikamoo babu. Tumbo linauma?"

"Marahaba. Hapana, mjukuu wangu."

"Leo umepata choo?"

Feni ikasikika ikizunguka. Mshenga, ambaye kazi yake ni maneno, hakuwa nalo hata moja. Mke wangu mlangoni alishika kitenge chake mdomoni. Mimi nikaanza kusoma kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi.

Babu akaegemeza bakora. "Kusema kweli," akasema, "tangu juzi bado."

Basi mambo yakafunguka, kwa maana ya mazungumzo. Shangazi akaitwa kutoka chumbani kama mtaalamu, akauliza babu anakula nini, akaagiza papai lililoiva na maji ya uvuguvugu, na wazee wawili wengine wakaona hapo hapo nao waeleze yao. Mahari, tuliyodhani italeta mvutano, ilipita kati ya papai na chai. Shangazi anasema ndoa ile wameifunga Wakorea. Binti tumemkataza kuwauliza wageni, ingawa mwalimu wake mkuu ametuambia kwamba katazo limechelewa.

Jambo la chakula ndilo baya kuliko yote. Wakorea wanakula mbele ya kamera kwa namna ya kumtia mtu dhambini. Saa nne usiku wewe umekwisha kula ugali wako na mchicha, umepiga mswaki, na mbele yako binti kaachwa na mchumba, anafunua sufuria ya tambi zinazochemka, anakula humohumo, anatumia mfuniko kama sahani. Mke wangu huinuka bila kusema kitu, na baada ya muda unasikia pakiti ya tambi ikichanwa jikoni. Kitambi nilicho nacho kina uraia wa nchi mbili.

Ukiwa mtu wa kuchunguza utaona pia kwamba wapenzi hawa, wakitoka kwenye tambi, lazima waingie mgahawa wa Subway kula mkate. Polisi wa Kikorea wanafuatilia muuaji, wanapita Subway. Mkurugenzi anaachana na mchumba, Subway. Sababu ni biashara: vituo vikubwa vya huko kwa miaka mingi havikuruhusiwa kukata kipindi katikati kwa matangazo, na kuanzia mwaka 2010 sheria ikalegezwa, bidhaa zikaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi yenyewe. Tangu nilijue hilo, kila machozi yakimwagika juu ya mkate ule huwa najiuliza yamelipiwa shilingi ngapi.

Na miisho yao! Tamthilia ya kawaida ya Kikorea ina vipande 16, viwili kwa wiki, na kwa miaka mingi walikuwa wakipiga picha huku tayari inaonyeshwa, waigizaji wakipokea maneno siku ileile ya kuyasema. Inaonekana. Vipande kumi vya mwanzo ni dhahabu, vitatu vinavyofuata ni fedha, halafu mtu lazima aende kusoma Marekani. Maandishi yanatokea: mwaka mmoja baadaye. Anarudi kakata nywele.

Wahindi wao hawana shida ya mwisho, kwa sababu hawamalizi. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza mwaka 2000 ikakoma 2008, zaidi ya vipande 1,800. Stelingi wa kiume aliuawa mle, watazamaji wakaja juu, akarudishwa duniani. Mama mkwe akigundua kwamba chumvi imezidi, kamera inamvaa usoni mara tatu, radi inapiga, kila mtu sebuleni anaangaliwa mmoja mmoja, hadi mbwa, na kipande kinaisha hapo. Maharage yetu yaliungua jikoni mke wangu akisubiri tu huyo mama aseme neno. Alisema kesho yake.

Ya Doudou na mama wakwe zake, ile ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, sitaijadili sana. Doudou ni nesi, mumewe ana mama mzazi na mama wa kambo, wote wawili wana maoni. Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Mimi nyumbani kwangu siitaji, kwa sababu kila ilipoonyeshwa mke wangu aliniangalia mimi badala ya runinga.

Baada ya radi zote hizo, rafiki yangu kazini akanipa filamu moja ya Kijapani, Tokyo Story, ya Yasujiro Ozu, mwaka 1953, haina rangi. Dakika kumi za kwanza niliongeza sauti, nikachomoa waya wa spika na kuurudisha. Spika ilikuwa nzima. Ni watu tu walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka wakizungumza taratibu, kamera imetulia kimo cha goti. Nikasema hii Shangazi ataizimisha sasa hivi.

Hakuizimisha. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Mtoto mmoja daktari, ana wagonjwa. Binti ana saluni, ana wateja. Hakuna anayewatukana, hakuna sumu kwenye chai. Wazee wamekuwa mzigo tu, mpaka watoto wanachanga hela wanawapeleka Atami, pwani, kwenye maji ya moto, wakapumzike. Mkwe mjane, ambaye mumewe alifia vitani, ndiye pekee aliyeomba ruhusa kazini awatembeze mjini. Mimi nilikuwa namfasiria Shangazi yale maandishi ya chini, na kadiri ilivyoendelea nikajikuta nafupisha.

Wiki ile tulikuwa tumeshamwambia kwamba ingekuwa vizuri aende kwa mdogo wake Kibaha, akabadilishe hewa kidogo. Nauli ilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati.

Wazee walipolala Atami, hoteli ina kelele za vijana usiku kucha, hawapati usingizi, Shangazi akajifunika khanga vizuri miguuni. "Kumbe," akasema, "hata Wajapani wana Kibaha."

Hakuna lori lililowahi kunigonga namna ile. Kibaha imeahirishwa, bahasha imenunua Luku, na rimoti anayo yeye.

Kwa hiyo ukiniuliza, anza na Dae Jang Geum: vipande 54, na wageni wakija mpeleke mtoto kucheza nje. Jumong ni ya mwenye umeme wa uhakika. Za Kihindi, epua kwanza sufuria. Ya Ozu usiiangalie pamoja na mzee aliyekuja kukutembelea kama una jambo la kumwambia. Na hizi za Kikorea za vipande 16, ukiona yale maandishi ya mwaka mmoja baadaye, zima ukalale, watakuwa wameoana.