Kung'arisha Nyumba kwa Nje: Mwongozo kwa Asiyejua Anachojitafutia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyehamia kwenye nyumba yake kabla haijaisha, yaani karibu kila mwenye nyumba Dar es Salaam. Aliezeka, akapiga lipu, akaweka grili na milango miwili ya maana, kodi ya alikopanga ikaisha, akabeba magodoro akaingia. Rangi ya nje ikaachwa mpaka mambo yakae sawa. Miaka imepita, mambo hayajakaa sawa, na nyumba bado iko na kijivu chake cha saruji, iwe ni Goba, Chanika au Kigamboni kwa ndani. Mwenyewe hakioni tena. Anakisikia tu siku mkewe anapomwelekeza mgeni kwa simu: "Utaona nyumba nzuri ina vioo vya bluu. Si hiyo. Inayofuata."

Maneno hayo yakikuchoma, umeiva. Ita fundi rangi.

Atakuja jioni, atasimama uwanjani mikono kiunoni, ataitazama nyumba kwa huruma, kisha atauliza swali lisilo na jibu salama: "Lipu hii alikupigia nani, bosi?" Usimtaje. Fundi hamsifii fundi aliyemtangulia hata kama ni ndugu yake. Atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukuta utalia utupu, na atakuonesha nyufa ulizokuwa ukizipita kila asubuhi ukienda kazini. Aliitwa kwa ajili ya rangi. Anapoaga, mna lipu ya kubandua upande mzima, na wewe umeshamtolea nauli.

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi anasema kweli. Adui wa rangi ya nje ni maji, na maji hayaingii kwa juu peke yake. Pale ambapo msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, yanapanda taratibu ndani ya tofali, yanabeba chumvi, na yanapokaukia juu ya ukuta chumvi ile inabaki, nyeupe kama unga. Inaisukuma rangi kutokea ndani. Rangi inavimba, inapasuka, inabanduka kwa magamba makubwa ambayo watoto wanapenda sana kumalizia. Anayepaka koti jipya juu ya ukuta wa namna hiyo amenunua magamba mapya. Hata lipu ambayo haina kosa lolote inataka kama wiki nne ikauke kabla haijapakwa, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaoila rangi. Fundi atakwambia siku tatu zinatosha. Siku ya nne ana kazi Mbezi.

Halafu kuna suala la kulainisha. Ndani ya nyumba, ukuta unaskimiwa kwa unga wa jipsamu na unapendeza kweli. Nje inatakiwa skimu yenye asili ya saruji nyeupe, ambayo bei yake imechangamka, na hapo ndipo asiyejua anapoambiwa, "Ni ileile, bosi, tofauti ni mfuko." Jipsamu inakunywa maji. Itakaa vizuri kiangazi chote, utapiga picha, utaiweka kwenye stetasi, kisha masika yataingia mwezi Machi, na kufika Mei ukuta utakuwa laini kiasi cha kuandikwa kwa ukucha. Na utaandikwa.

Kabla hujafungua ndoo yoyote, toka hadi barabarani uangalie umejenga wapi. Zipo rangi mbili ambazo hutaletewa kadi uchague. Zinakuja kwa umbo la herufi X, ukubwa wa mtu mzima, na anayezipaka halipishi ufundi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, kutoka mita 22.5 za zamani. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, naye anasubiri fidia. X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, naye hasubiri kitu. Mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilianguka nyumba zilizokuwa na rangi nzuri kuliko utakayomudu wewe. Kipimo cha futi kamba hakina gharama.

Umesalimika? Basi chagua rangi. Kile kipande cha kwenye kadi ni kidogo kuliko kiberiti, nawe unakitazama dukani chini ya taa ya tyubu, umezungukwa na wateja wa misumari. Kipeleke ukutani saa saba mchana. Krimu inakuwa nyeupe pee, na lile chungwa tulivu linageuka kuwa suala la mtaa mzima. Mwenye akili hununua kopo dogo, akapaka kipande cha mita moja, akakitazama asubuhi, mchana na jioni. Asiye na subira ndiye yule ambaye nyumba yake imegeuka kituo cha bodaboda: "Nishushe pale kwenye Fanta."

Kama udongo wa uwanja wako ni mwekundu, nyeupe isahau kwa chini. Tone la mvua likianguka kutoka kwenye bati linagonga ardhi na kurusha tope hadi usawa wa goti, msimu baada ya msimu. Ndiyo maana wazee walipaka mkanda wa kahawia au kijivu chini ya ukuta, kuzunguka nyumba nzima. Vijana wanaucheka, wanasema ni wa zahanati. Waache. Wewe paka mkanda wako, mwagia kokoto chini ya michirizi, na utakuwa umemaliza nusu ya kazi kwa bei ya debe kadhaa za kokoto.

Shemeji yako mwenye simu kubwa hataliacha jambo liishe hapo. Atakuonesha picha za nyumba zilizofichwa bati. Nyumba hizi, kwa asiyezijua, zimeinuliwa kuta juu ya paa ili mpita njia adhani humo ndani hakuna bati. Bati lipo, limefungiwa tu pamoja na maji yake. Mfereji umejificha nyuma ya ukuta, majani ya mwembe wa jirani yanauziba, hakuna anayeuona, na taarifa ya kwanza mnaipata kwenye jipsamu ya sebuleni, duara la rangi ya chai. Zaidi ya hapo umepoteza upenu. Upenu mpana ulikuwa unakinga ukuta na mvua, unakinga dirisha na jua la saa tisa, na bibi alikuwa akiweka mkeka wake hapo bila kuomba kibali. Umevunja kivuli, halafu unanunua kiyoyozi.

Nguzo za Kirumi na simba wa zege nitapita haraka. Nguzo kwenye kibaraza cha hatua mbili zinamfanya mgeni aingie kiupande. Simba wapo wawili wawili siku zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufanana na mwenzake. Fundi alimmaliza wa kwanza kwa hamasa na wa pili kwa njaa.

Anayetaka kuona sura ya nyumba iliyofanywa na watu waliojua wanachokifanya aende Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta ni mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, hazina madoido. Nguvu yote wameimalizia mlangoni: mbao nzito, nakshi kwenye fremu, njumu za shaba. Mpita njia anapewa kitu kimoja cha kutazama, naye anakitazama. Na chokaa ile inapumua, inaruhusu unyevu utoke. Wanaokarabati kwa lipu ya saruji wanaufungia ndani ya mawe. Sisi huku bara tunachukua mlango uleule, tunaupachika kwenye ukuta wenye rangi tatu, marumaru za vipande na taa kumi, kisha tunashangaa hauonekani.

Sasa tuje kwenye fensi, maana ndiko fedha zako zilikokuwa zinaelekea tangu mwanzo. Nyumba ikishang'aa, utaanza kuona wezi kila mahali. Utainua tofali kozi nane, kisha kumi na mbili, utachomeka vipande vya chupa juu, baadaye seng'enge ya mviringo, baadaye ya umeme. Kwa ndani, miashoki kwenye mstari. Utaweka geti la chuma lililofungwa kabisa, lisilo na hata tundu la kumtambua anayegonga. Hapo kazi imekamilika: rangi, skimu, mkanda, nguzo, vyote vinaonwa na mbwa pamoja na abiria wa Fuso. Mtaa umebakiwa na ukuta, na ukuta wa nje haujapigwa hata lipu, kwa kuwa fedha ziliishia kwenye geti.

Ukuta mtupu haukai mtupu. Wiki ya kwanza atapita anayetangaza kunyonya maji taka, wa pili atatangaza dawa ya nguvu, na wote wataacha namba zao. Utaandika "Marufuku kukojoa hapa, faini 50,000", na utakuwa umewaonesha mahali.

Gharama iliyobaki haimo kwenye hesabu ya fundi. Kodi ya majengo haina shida nawe: tangu 2021 inakatwa kwenye umeme kila mwezi, na nyumba ya chini ya kijivu inakatwa sawasawa na iliyopakwa. Anayekadiria upya ni kamati ya harusi. Zamani kadi ilikuja ikiwa wazi, ujaze mwenyewe ulichojaliwa. Sasa inaletwa na watu wawili, wanakaa, wanakunywa soda, wanatazama dari, na kiasi kimeshaandikwa. Muuza mkaa naye amekuongezea bei.

Mwisho, majirani watakushauri uandike getini, kwa herufi kubwa, "NYUMBA HII HAIUZWI", kwa sababu matapeli wapo, na nyumba yenye mvuto inauzwa mara tatu mwenyewe akiwa kazini. Andika, na weka namba ya simu. Haitapita wiki kabla dalali hajapiga, sauti ya upole, shikamoo mbili mfululizo.

"Mzee, nimeona tangazo lako. Haiuzwi kwa kiasi gani?"