Sifa za Deni la Mdogo Mdogo

Watu wamezoea kuyasifu yale yasiyohitaji wakili: jua, mama mzazi, mvua ya masika na fedha taslimu. Sioni ushujaa wowote katika sifa hizo. Mimi, mkaaji wa Olenguruone, mahali nchini Kenya ambapo ukungu wa msitu wa Mau haujali kuwa ni mchana na ambapo watu huishi kwa maziwa, viazi na majani ya chai, nimenuia leo kumtetea kiumbe ambaye kila mtu humtumia na hakuna amtajaye kwa heri, nalo ni deni la kulipwa kidogo kidogo, lile ambalo wauzaji wa siku hizi hutualika kwalo kwa sauti tamu wakisema, "Lipa mdogo mdogo."

Kwanza nasaba yake, maana muungwana huulizwa ukoo kabla ya kuulizwa tabia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haihusu vita wala ufalme, bali yahusu deni, kwamba liandikwe, lipangiwe muda na lishuhudiwe. Tena imo katika sura iitwayo kwa jina la ng'ombe, jambo ambalo mfugaji wa Olenguruone hawezi kulipita bila ya kutabasamu. Ulaya nako halikukosa msemaji, kwani François Rabelais, katika kitabu alichokitoa 1546, alimpa mmoja wa watu wake wa kubuni hotuba nzima ya kuyasifu madeni. Ila yule alikopa apate kula na kustarehe, na mimi nakopa nipate tangi la maji, na nadhani hoja yangu ina nguvu zaidi. Na karibu na nyumbani, mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi ya walowezi katika nyanda za juu yaligawanywa kwa Waafrika si bure bali kwa mikopo ya kulipwa kwa miaka mingi, hata ikawa baadhi ya wazee wetu walipata kuwa wadaiwa mwaka mmoja kabla ya kupata kuwa raia. Kitu chenye ukoo wa namna hii hakistahili kunong'onwa.

Sasa mtazame mtu wa mapato haba atakaye kununua kitu kikubwa, kama vile tangi, mtamba wa maziwa, pikipiki au mabati ya nyumba nzima. Malipo yake ya maziwa hufika mwisho wa mwezi yakiwa yamekwisha kukatwa chakula cha ng'ombe, dawa na chumvi. Bonasi yake ya chai huja mara moja kwa mwaka, na hakuna jamaa asiyeijua tarehe yake. Wataalamu humshauri mtu huyu aweke akiba mpaka fedha zitimie. Wataalamu hao, nadhani, hawana mashemeji. Kwani fedha iliyolala ndani ya nyumba haina siri, na siku itakapokaribia kutimia ndipo mlango utakapobishwa, mgeni akaribishwe, anywe chai, aulize habari za watoto na za ng'ombe mmoja mmoja, kisha aseme kwa unyenyekevu:

"Shemeji, nasikia umeweka pesa za tangi."

"Ni kweli, shemeji, lakini nimezipangia…"

"Tangi halifi. Mgonjwa hufa."

Na wewe utajibu nini? Hoja hiyo haina mwanya. Utafungua kibubu, na ukikijaza tena atakuja mwenye karo, na baada yake mwenye matanga, na baada yake kamati ya harambee yenye kitabu cha majina ambacho jina lako limekwisha kuandikwa pamoja na kiasi ambacho bado hujakitaja. Silaumu watu hawa hata kidogo. Nami nimebisha milango yao, tena kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Nasema tu kwamba kwa desturi zetu akiba ni mali ya ukoo, ilhali deni ni mali ya mtu binafsi, na hakuna jamaa ajaye kuomba agawiwe sehemu yake. Mwenye deni akibishiwa mlango hutoa karatasi yake ya makato, na papo hapo yule aliyekuja kuomba hugeuka kuwa mfariji, humwambia pole, na pengine humwachia senti mbili tatu za sukari. Laiti kungekuwa na ghala jingine ambalo kifuniko chake hakifunguliwi na huruma, ningelisifu hilo; maadamu halipo, namshukuru mwia wangu, ambaye huninyang'anya fedha yangu kila mwezi kabla watu ninaowapenda hawajaifikia.

Fauka ya hayo, deni huleta mapenzi. Mtu akitaka mkopo wa chama cha akiba, ambao aghalabu hufika mara tatu ya akiba yake, hana budi kutafuta wadhamini ambao huweka rehani akiba zao kwa ajili yake. Na tangu siku watiapo sahihi, afya yake huwa ni jambo la watu wengi. Zamani nikikohoa nilikohoa peke yangu. Siku hizi nikikohoa kanisani vichwa vinne hugeuka, na ninajua kwa yakini kwamba maombi yatokayo katika vifua hivyo vinne ni ya ikhlasi, kwa kuwa nikifa leo tangi langu litawaangukia wao. Mdhamini wangu mmoja amenikataza kupanda pikipiki wakati wa mvua. Ndugu zangu wa tumbo moja hawajapata kunihurumia kiasi hicho.

Wako wasemao kwamba mwia ni mtu mkali. Sheria ya Kenya ya 1968 kuhusu ununuzi wa kulipa kwa mafungu imeuwekea ukali huo mpaka: ukiisha kulipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi tena kuja kuichukua kwa nguvu zake mwenyewe, sharti apite mahakamani. Hiyo ilikuwa enzi ya lori na dalali. Baadaye, mwaka 2012, ilikuja kampuni ya M-KOPA na taa za jua, ambazo mnunuzi alizilipia kama shilingi 50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja kwa njia ya simu, na 2020 kampuni ya simu ya Safaricom ikaleta simu za kulipiwa shilingi 20 kwa siku, na ndani ya vitu hivyo mmetiwa kufuli isiyoonekana, hata asiyelipa hapokonywi chochote: taa hubaki ukutani pake, simu hubaki mfukoni mwake, zote mbili zimekufa, naye aweza kuzitazama apendavyo. Dalali gani alikuwa na adabu hii? Na ukipiga hesabu ya taa hiyo, siku 365 kwa shilingi 50 ni shilingi 18,250, mbali na arubuni. Ndipo utakapoona ukarimu wa deni, kwamba humtoza zaidi yule aliye na kidogo, ili naye apate kujua utamu wa kuwa mtu aliyetumia fedha nyingi.

Lakini sifa iliyo kuu nimeiweka hapa, na ni ya mahali petu. Serikali ya mkoloni ilipowaleta Olenguruone, mwaka 1941, Wakikuyu walioondolewa katika nchi ya Wamaasai, iliwapa mashamba pamoja na kanuni za namna ya kulima, ya kufuga na ya kurithishana, maana machoni pake walikuwa wapangaji tu, ilhali wao waliamini kwamba wamepewa ardhi iwe fidia ya ile waliyopoteza. Wakakataa kutia sahihi. Wakala kiapo, waume kwa wake, wakashtakiwa, nyumba zao zikachomwa moto, na kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta, nchi ya ukame. Sisi tulio hapa leo hutandaziwa masharti marefu kuliko yale juu ya kioo cha simu, kwa Kiingereza cha mawakili, nasi huyakubali kwa kidole gumba kabla chai haijapoa. Hakuna kiapo, hakuna moshi. Deni limepata kwa upole kile ambacho dola ilikikosa kwa moto, na sijui ni sifa gani iliyo kubwa kuliko hiyo ambayo mtu aweza kuipa mamlaka yoyote.

Wapinzani watanikumbusha methali ya kukopa harusi kulipa matanga. Nakubali nusu yake ya kwanza. Ama hiyo ya pili, mtunzi wake bila shaka hakupata kumaliza deni, kwani matanga yenyewe huja siku ya kumaliza, pale ambapo kitu kinakuwa chako kwa haki na kisheria, na betri yake imekwisha choka, na kioo kimekwisha pasuka, na wale wadhamini wanne wamerudia kukusalimu kwa mkono mmoja, na yule aliyekuwa akikuandikia ujumbe kila alfajiri, kukuuliza kama umemkumbuka, amenyamaza. Niliishi katika ukiwa huo baada ya fungu la mwisho la tangi. Haukuwa mrefu. Ujumbe ulikuja kunipongeza kwa uaminifu wangu na kunijulisha kwamba sasa nimestahili kukopeshwa zaidi ya mara ya kwanza, na mimi, ambaye sikulelewa kukataa heshima, niliuliza bei ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.