Jinsi ya Kwenda Lamu Kwenye Sherehe na Kurudi Bila Kuona Kitu

Mji wa Lamu hujaa watu mara kadhaa kwa mwaka. Hujaa mwishoni mwa Mfunguo Sita kwa ajili ya Maulidi, hujaa tena karibu na Novemba kwa tamasha la utamaduni, na siku ya mwaka mpya pwani ya Shela hufurika watazamaji wa mashindano ya mashua. Kila sherehe ikiisha, hawakosekani wageni wanaorudi makwao wakilalamika kwamba hawakuona kitu.

Watu husema hiyo ni bahati mbaya. Wanawakosea heshima wageni hao. Mji wenyewe ni mdogo: njia moja ya pwani, moja ya ndani, na vichochoro vinavyoziunganisha. Kutoona kitu mahali kama hapo si jambo la bahati. Ni kazi, na kazi hutaka mpangilio. Kwa wale wanaopenda kuifanya vizuri, mwongozo ni huu.

Kwanza: chagua tarehe mwenyewe

Maulidi hufuata mwezi, na mwezi hauna ofisi ya kuulizia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo sherehe husogea nyuma mwaka hata mwaka. Tena kwingi duniani siku inayojulikana ni tarehe 12 Mfunguo Sita, lakini Lamu kilele chake huwa mwishoni mwa mwezi, Alhamisi na Ijumaa ya mwisho, hata mtu wa Mombasa, Tanga, Unguja au Ngazija aweza kumaliza maulidi ya kwao kisha akaja.

Wewe kata tiketi ya tarehe 12. Usimpigie simu mtu yeyote Lamu kumuuliza, maana anaweza kukwambia. Ukifika utaukuta mji umeshughulika na mambo yake ya kila siku, na utakuwa na haki kamili ya kusema kwamba intaneti imekudanganya.

Pili: beba sanduku la magurudumu

Basi kutoka Mombasa litapita Malindi, Garsen na Witu, na vizuizi vya polisi ambavyo hutahitaji kuvihesabu. Ukifika Mokowe barabara itakwisha, nawe hujafika. Hapo ni boti. Ukija kwa ndege utashuka Manda, na hapo pia ni boti. Hii ni nafasi nzuri ya kuanza kukasirika.

Gatini utawakuta mahamali na mikokoteni. Wakatae wote. Umesoma mahali kwamba watakutoza bei ya mgeni, na shilingi mia mbili ni bora zibaki mfukoni kuliko kupata mtu anayejua nyumba unayokwenda, mwenye nyumba hiyo, na alasiri hii kuna nini mtaani. Buruta sanduku lako mwenyewe. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini haikutandika njia ya magurudumu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma, na kwa desturi ya mahali hapo, wewe si punda wa kupishwa.

Tatu: tafuta kiti hemani

Sherehe rasmi za tamasha hufanyika mbele ya ngome, uwanja wa Mkunguni. Ngome hiyo ilimalizwa kujengwa mwaka 1821, na ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984. Mgeni rasmi akishika kipaza sauti utahisi kwamba desturi ya kuwazuia watu mahali hapo haijafa.

Hakikisha umepata kiti cha plastiki katikati ya safu, ambako mtu hawezi kutoka bila kuwainua wanane. Tulia. Msemaji wa kwanza atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya kwa kutaja majina yote. Wa pili atasema mengi yameshasemwa, na atayarudia. Wa tatu hataki kuwachosha. Ukisikia hayo, vua viatu, una saa nzima.

Kosa kubwa ni kugeuza shingo. Nyuma ya hema vijana wamefanya duara la kirumbizi. Wawili wameingia katikati na fimbo, ngoma na zumari zinawachochea, na kila mmoja anatafuta upenyo wa kumgusa mwenzake huku akicheza, asije akaonekana amekasirika. Kando kidogo kuna bao, na wazee waliolizunguka wanapiga kelele kuliko vijana wa fimbo, kwa sababu kila mtazamaji angecheza vizuri zaidi ya anayecheza. Hakuna kiti huko, wala ratiba. Baki hemani.

Nne: simama mahali pabaya penye mbio za punda

Mji wa kale wa Lamu haukujengwa kwa magari, na kwa karne nyingi mzigo wake umebebwa na punda. Wana zahanati yao, iliyofunguliwa na shirika la hisani la Uingereza mwaka 1987, na hutibiwa bure. Usilitamke hili mbele ya binadamu aliyetoka hospitali juzi.

Wapanda punda wa mashindano ni vijana wanaoshinda mwaka mzima wakiwabebesha punda haohao mawe, mchanga na saruji. Tandiko hakuna. Kijana hukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, fimbo mkononi. Firimbi ikilia, watatu watatoka mbio kweli. Wa nne atasimama akitazama bahari. Wa tano atakwenda hatua kumi kwa kasi ya kutisha, kisha atakata kona na kuingia kichochoro anachokijua, maana ndiko hulishwa, na mpandaji wake ataingia naye akitukana kwa sauti inayofifia. Umati utashangilia huyo kuliko mshindi.

Watu wa mji hupanda barazani au husimama kando ya nyumba, mgongo ukutani, watoto wakiwa mabegani. Wewe simama katikati ya njia ya pwani ili upate picha nzuri ya ana kwa ana. Mzee atakwambia, "Sogea, baba, punda hana breki." Mjibu kwamba unajua unachofanya.

Tano: pima bahari kwa saa ya mkononi

Tamasha nalo lina mashindano ya mashua, na ratiba itasema yanaanza saa tatu asubuhi. Bahari haikupelekewa nakala. Novemba ni tangambili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika vizuri, kwa hiyo huenda upepo ukachelewa, ukaja kidogo, ukaghairi. Maji nayo yana saa zake za kujaa na kupwa. Manahodha wanaketi kivulini wakitazama juu na kunywa kahawa chungu. Wao wamo mashindanoni tayari: wanausoma upepo. Wewe lalamika kuhusu saa ya Kiafrika.

Upepo ukishika, ondoka ukale. Hivyo hutaona mashua zinavyobisha, foromali ikipishwa mlingotini kwa amri moja, mabaharia wakikimbilia ubao uliotolewa nje upande wa upepo na kujitandaza juu yake ili uzito wao uzuie chombo kisipinduke, na mifuko ya mchanga ikihamishwa haraka kutoka ubavu huu hadi ule. Hutasikia pia mabishano ya ufukweni, ambako kila mtu anaijua mashua ya mtaa wake, fundi aliyeiunda na tanga lililoshonwa vibaya mwaka jana. Ukirudi utaambiwa nani ameshinda. Kwani si hilo tu ulilotaka kujua?

Sita: sema wewe ni mgeni

Hii ndiyo kanuni kuu. Ukiifuata hii peke yake, nyingine zote waweza kuziacha.

Usiku wa kuamkia siku kubwa ya Maulidi hakuna ratiba iliyobandikwa mahali, lakini ndipo sherehe inapoanza. Magunia ya mchele yameingia, ng'ombe wamechinjwa, na kwenye nyua wanawake wamekaa mikekani wakimenya vitunguu na kuchagua mchele. Hapo ndipo habari zote za mwaka zinapopitiwa: nani ameolewa, nani amerudi kutoka Uarabuni, nani hakuja na kwa nini. Nje, wanaume wanachochea kuni chini ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na mpishi mkuu anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama kasia, akimkaripia kila anayempa ushauri.

Ukiwa mwanamke, mama mmoja atakuona umesimama mlangoni na atakwambia, "Ingia mwanangu, kaa hapa, shika kisu." Ukiwa mwanamume, kuna mzee atakunyooshea kidole na kukuonyesha rundo la kuni. Jibu ni moja: "Ahsante, mimi ni mgeni tu." Watakuelewa na watakuheshimu. Watakuletea kiti, watakupa soda, na hakuna atakayesema nawe tena jambo la maana hadi unaondoka.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakati wa Maulidi jembe hutolewa siku ya kwanza, na anayelipokea huacha kuwa mgeni papo hapo. Kesho yake atakuwa na sinia la kukaribishwa, watu wanne au watano wameketi kulizunguka, kila mmoja akila upande wake na kumsukumia jirani kipande kizuri cha nyama. Wewe omba sahani yako na uma, ukale kwenye kona yenye mtandao mzuri.

Saba: waombe wazee warudie

Siku ya Ijumaa, baada ya kuzuru makaburi, zefe hupita mjini: watoto wa madrasa, bendera, matwari, kaswida, na umati unaozidi kila kona. Kabla au baada yake utawakuta wanaume wa goma, wamevaa kanzu na kofia, wamesimama safu moja, kila mmoja na bakora yake. Mwendo wao ni wa polepole kiasi kwamba ukitazama simu na kuinua macho utadhani hawajasogea. Bakora zinainuka kidogo, zinalala, safu nzima inapumua pamoja. Mtu mwenye haraka atamaliza kuutazama kwa nusu dakika. Mpe mzee wa mwisho ishara arudie, maana hukurekodi vizuri.

Usiulize kwa nini ngoma na matwari vinasikika karibu sana na msikiti. Ukiuliza utasimuliwa habari za Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaweka makazi Lamu, na msikiti wa Riyadha ulioanzishwa mtaa wa Langoni yapata mwaka 1900. Utaambiwa kwamba darasa lake aliwafungulia wakulima, watumwa na watu wa kuja, ambao wakubwa wa mji hawakuwa na desturi ya kukaa nao mkeka mmoja, na kwamba kuingiza matwari katika kumsifu Mtume kuliwakera wanavyuoni wa wakati huo. Baada ya hapo utaanza kutazama zefe kwa jicho jingine: utaona kwamba huu mkusanyiko mkubwa kuliko yote ya mji uliasisiwa na mgeni, kwa ajili ya watu waliokuwa wanaachwa mlangoni. Habari hiyo itakuharibia safari. Itakufanya uone haya kusema wewe ni mgeni tu.

Nane: toa tathmini

Ondoka asubuhi ya mapema, kabla hujaagwa. Kuaga Lamu ni hatari. Mtu aweza kupewa halua ya kupeleka nyumbani na jina la mtoto wa kumsalimia Mombasa, na kwa namna hiyo akajikuta ana watu. Ukiwa botini andika maoni yako: watu wengi mno, kelele usiku kucha, ratiba haifuatwi, chakula kinaliwa kwa mkono, mnyama amenikanyaga.

Na mwaka ujao usirudie makosa. Njoo wiki moja baada ya sherehe kwisha. Vyumba vitakuwa bei nafuu, njia ya pwani itakuwa nyeupe, punda watakuwa wamerudi kwenye saruji, na hakuna mama atakayekupa kisu. Picha zako zitatoka safi kabisa, bila kichwa cha mtu hata mmoja mbele yake, na ukiwaonyesha wenzako watakubaliana nawe kwamba Lamu ni pazuri ila hakuna kinachofanyika.