Kumiliki Kimashine Ni Balaa

Ukitaka usipate Jumamosi yako tena, nunua kile kimashine kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kikakuonyesha namba za hitilafu za gari kwenye simu. Halafu mtu mmoja tu mtaani ajue unacho. Changu nilikitoa Gerezani kwa ajili ya gari langu, mkweche wa watu usio na makuu. Siku hizi kimeshapima kila gari la Tabata isipokuwa langu.

Wagonjwa wangu ni wa kila aina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea soda. Lakini wanaonitoa roho ni vijana wa heda. Heda, kwa asiyezijua, ni yale mabomba ya kutolea moshi yanayofungwa moja kwa moja kwenye injini badala ya yale mazito yaliyokuja na gari. Zinang'aa, zinanguruma, na zikishafungwa, taa ya cheki injini inawaka. Hilo la tatu haliandikwi kwenye boksi.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ana Mark X, injini ya V6. Ada ya mtoto anadaiwa, lakini heda kanunua. Mimi siulizi. Ukimhoji shemeji habari za pesa mchana, usiku unahojiwa wewe.

"Shem, fundi anasema sensa za oksijeni zimekufa."

"Ipi?"

"Zote nne."

Zote nne! Kwa mpigo! Hata ajali ya basi huacha majeruhi. Gari limeingia gereji na sensa zinafanya kazi, limetoka na misiba minne, na dawa aliyopewa mfiwa ni kununua nne mpya, ambazo kwa bahati njema fundi "ana mtu wake" anayeziuza.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wa mji huu. Namba haisemi kifaa gani kibovu. Inasema tu kompyuta imeona nini ambacho haikukitegemea. Sensa mbili za mbele, moja kila upande wa injini, zinanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Hewa ikizidi, kompyuta inaongeza petroli. Petroli ikizidi, inapunguza. Mbili za nyuma zinachunguza kama masega, yale ya kusafishia moshi, yanafanya kazi. Teknolojia ya sensa ya oksijeni ilianza kuuzwa ndani ya Volvo mwaka 1976, si uchawi wa jana.

Nikachomeka. P0420 na P0430: masega ya upande wa kwanza na wa pili hayafanyi kazi. Bila shaka hayafanyi kazi! Heda mpya hazina masega, yametolewa "ili gari lipumue". Sensa za nyuma zimesema kweli tupu, halafu ndizo zinazotangaziwa kifo. Masega yenyewe yamekwenda wapi? Shemeji hakuuliza. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hawalazi damu.

Ikafuata P0141. Hii ni hita ya sensa ya nyuma, upande wa kwanza. Watu wengi hawajui kwamba sensa ina hita yake ndani, kwa sababu haifanyi kazi mpaka ipate moto wa zaidi ya nyuzi 300. Ndiyo maana ina waya nne, mbili za hita. Nikainama na tochi. Waya wa sensa umelalia bomba la heda, plastiki imeyeyuka, shaba iko nje. Sensa nzima kabisa, kaharibika aliyesahau kufunga waya pembeni.

Lakini kichekesho hasa kilikuwa P0171 na P0175 kwa pamoja. Upande wa kwanza hewa imezidi, upande wa pili petroli imezidi. Injini moja, mafuta ya sheli moja! Bomba likivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inavutwa ndani na kompyuta inalalamikia hewa. Kuvuja peke yake hakuwezi kuifanya ilalamike hivi na vile kwa wakati mmoja. Shemeji akaongeza kwamba fundi alishatoa plagi akazikuta tatu nyeusi tii, tatu nyeupe pe, akasema zinunuliwe nazo.

Hapo nikaelewa: upande mmoja unazidishiwa petroli, mwingine unanyimwa. Soketi za sensa za mbele zinafanana. Fundi alipozirudisha, ya kulia aliichomeka kushoto na ya kushoto kulia. Sasa fikiria mama mwenye mapacha, Kulwa na Doto, anayewasikia wakilia chumba cha pili bila kuwaona. Kulwa analia njaa, yeye anadhani ni Doto, anamlisha Doto. Kulwa anazidi kulia, Doto anazidi kulishwa mpaka anatapika. Hiyo ndiyo kompyuta ya Mark X ya shemeji yangu, na petroli ilikuwa inamwagika kwa staili hiyo hiyo kutoka Tabata hadi Posta.

Na kwa nini alikaa na tatizo hili muda wote huo? Kwa sababu fundi alikuwa "anaitibu" taa kwa kuifuta. Namba nyingi za aina hii haziwashi taa mpaka hitilafu ionekane tena safari ya pili. Kwa hiyo mteja anarudi nyumbani anachekelea, analipa, anasifia. Kesho taa inawaka na simu ya fundi haipatikani.

Nikarudisha kila soketi upande wake, nikaunga waya na kuufunga mbali na moto, nikafuta kila kitu. Siku chache baadaye shemeji akapiga simu. Nilidhani anashukuru.

"Shem, bado inawaka."

"Namba gani?"

"Zile za masega."

"Rudisha masega."

Kimya. Kisha akaniambia kuna kijana anauza kipande cha chuma cha kuisogeza sensa ya nyuma ili isinuse vizuri, taa izime. Ndiyo, kipo, na mara nyingine kinafanya kazi. Moshi utakuwa uleule.

Wewe uliyefunga heda wiki hii, nakuomba. Kabla hujanunua sensa, washa gari asubuhi injini ikiwa ya baridi, usikilize kwenye maungio kama kuna panapopuliza. Mzuie fundi asipake silikoni ya kawaida kwenye gasketi, mvuke wake unaua sensa kweli. Inama, fuata kila waya hadi kwenye soketi yake, uhakikishe umerudi upande wake. Na ukimaliza hayo yote taa ikiwa bado inawaka, mimi Jumamosi sipo.