Namna ya Kupata Udaktari wa Saikolojia kwa Pesa za Mwenzio, Ukiwa Nyarutarama

Kwanza kaa mahali panapofanana na usomi. Andiko la utafiti halipendezi likiandikiwa penye vumbi, kwa hiyo panda pikipiki uje Nyarutarama, mtaa wa wenye nazo jijini Kigali, uwanja wa gofu ukiwa jirani na ziwa dogo la kupumzishia macho. Kodi ya huku isikutishe, hujaja kupanga. Ingia mgahawa wowote karibu na MTN Centre, agiza kapuchino saa tatu asubuhi, imalize saa nane mchana. Mhudumu akija kukuuliza kama unaongeza kitu, mwambie, "Bado natafakari, dada." Wifi ni ya bure.

Sasa mada, na hapo usijitie ubunifu. Wafadhili wanaijua Rwanda kwa mwaka mmoja tu, 1994, ule wa mauaji ya kimbari. Andika "kiwewe", ongeza "kizazi cha pili", kisha nyunyizia "ustahimilivu" ili msomaji wa Ulaya asilale na huzuni. Jeraha lenyewe ni la kweli, tena bichi: utafiti wa hayati Dk. Naasson Munyandamutsa na wenzake, uliochapishwa 2012, ulikuta zaidi ya robo ya waliohojiwa bado wana msongo wa baada ya kiwewe. Ninachocheka mimi ni foleni ya wenye laptopu.

Ila usithubutu kuandika kuhusu Kangondo, mtaa uliobandikwa jina la Bannyahe, uliopakana na majumba ya huku Nyarutarama mpaka ulipobomolewa 2022 na wakazi wake kuhamishiwa maghorofa ya Busanza. Wengi walitaka fidia ya pesa taslimu, wakapewa nyumba. Mama aliyezoea kuuza mboga mlangoni kwake anaishije ghorofani? Hilo nalo ni swali la saikolojia, lakini ungelazimika kuinuka kwenye kiti.

Halafu tafuta msimamizi. Watumie barua ileile maprofesa wote uliowaona mtandaoni. Wa Gothenburg akijikuta ameitwa jina la mwenzake wa Leuven, atajua una mahusiano mapana. Makala zake usisome, zitakuchanganya. Barua za mapendekezo nazo ni rahisi. Mpigie mhadhiri wako wa zamani: "Mwalimu, naomba barua." Atajibu, "Andika mwenyewe, nitatia sahihi." Hapo jisifu hadi uone haya, kisha ongeza aya moja. Usisahau mtihani wa Kiingereza. Rwanda iliamua 2008 kufundishia kwa lugha hiyo, nawe umeisomea hadi shahada ya pili, lakini vyuo kadhaa vitataka uthibitishe tena, na malipo mara nyingi ni kwa dola.

Mzaha niuweke kando kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Marekani saikolojia ya tiba ina milango miwili. Ule wa PhD kwa kawaida hufuta ada na kukupa posho, nawe unafundisha au unasaidia utafiti. Ule wa PsyD mara nyingi unaulipia mwenyewe, na deni lake utazeeka nalo. Yote miwili itakuita daktari, kwa hiyo uliza habari ya pesa kabla ya kufurahia barua ya kukubaliwa. Sweden na Norway mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, analipwa mshahara na hadaiwi ada. Chuo Kikuu cha Rwanda kimesomesha wahadhiri wake wengi kwa pesa za Sida, shirika la misaada la Sweden, mguu mmoja huko, mwingine nyumbani. Na kwa kuwa Rwanda imo Jumuiya ya Madola tangu 2009, ufadhili wa jumuiya hiyo nchini Uingereza nao ni haki yako kuuomba.

Basi endelea kutafakari, ndugu yangu, ila ujue kwamba idara nyingi za saikolojia ya tiba Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, na hazina desturi ya kumngoja mtu.