Yanaliwa?

Kwetu Ihanda, Karagwe, kitu kinachopanda juu ya mti kinatakiwa kulipa kodi ya mti huo. Maharage hulipa. Pasheni hulipa, kiazi kikuu hulipa, na vanila, bei ikiwa nzuri, hulipa hata ada ya shule. Ndiyo maana nilipochomeka fito mbele ya nyumba na kutangaza kwamba hapo yatapanda maua, hakuna aliyeniuliza rangi yake. Waliuliza, "Yanaliwa?"

Mbegu zilitoka Uingereza, kwa mtoto wa dada yangu, ambaye tangu apate bustani yenye ukubwa wa mkeka amekuwa akinishauri mambo ya kilimo. Hoja yake haikuwa mbaya: baadhi ya maua haya ya msimu mmoja hupenda ubaridi, na sisi wa milima ya Karagwe, juu ya mita 1,500 huku, ubaridi tunao. Asubuhi za Juni hata jogoo huwika akiwa bado ndani. Balaa lilikuwa maelezo ya pakiti. Yalitaka mbegu ziatikwe dirishani mwezi Machi, kisha miche itolewe nje baada ya jalidi ya mwisho. Jalidi ya mwisho! Kwetu hata ya kwanza haijafika. Na Machi ni mvua. Mtu akikuona unamwagilia vikopo dirishani wakati mbingu inamwaga bure uani, ataulizia afya yako.

Pakiti ya kwanza ilikuwa ya ua la jamii ya njegere, lenye harufu nzuri, ambalo mtawa Francesco Cupani wa Sisilia alipeleka mbegu zake Uingereza mwaka 1699. Mbegu zina ganda gumu, hivyo hulowekwa usiku kucha. Niliziacha kwenye bakuli. Alfajiri shangazi yangu aliamka kabla yangu na kabla ya mbegu. Nilimkuta jikoni akizichambua kwa masikitiko.

"Mwanangu, njegere hizi zitamshibisha nani?"

Nilimweleza kwamba haziliwi, zina sumu. Alinitazama muda mrefu, kisha akainua macho juu. Mtu anayeletewa kutoka ng'ambo njegere chache, tena zenye sumu, anahitaji kuombewa.

Ziliota. Zikapanda fito, zikanipita urefu, na ua hakuna. Aina ile husubiri siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, jua linapokawia kuzama. Sisi tuko kama nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta; mchana wetu ni wa saa 12 mwezi Januari na saa 12 mwezi Julai, na hakuna wa kumwomba nyongeza. Mmea ukaendelea kusubiri. Mbuzi wa jirani hawakusubiri. Fito zilipobaki tupu nazo zikatoweka, kwa kuwa maharage yalikuwa yameanza kutambaa, na fito isiyo na mzigo hapa kwetu huhesabiwa kuwa yatima.

Pakiti ya pili ilikuwa ya ua lenye mdomo wa tarumbeta, rangi ya samawati, ndugu wa damu wa kiazi kitamu. Undugu huo ulikaribia kuliangamiza, maana majani yake machanga yana umbo la moyo, na shangazi nilimkuta ameshika upande wa khanga umejaa matembele ya mchana. Yaliyonusurika yalichanua vizuri sana, lakini kwa masharti: hufunguka alfajiri, na jua likishapanda hujikunja na kunyauka. Asubuhi watu wa Ihanda wako shambani. Wageni wangu walikuja jioni, wakakuta vitambaa vilivyosokotwa.

"Mwalimu," jirani aliniuliza kwa upole, "ua lako linafanya kazi saa ngapi?"

Pakiti ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa na picha ya ua la rangi ya chungwa lenye kitovu cheusi. Shangazi aliitazama, akatazama nje, akasema, "Hili si lile la kwenye uzio?"

Ni lile lile. Kitaalamu huitwa *Thunbergia alata*, kwa heshima ya Carl Peter Thunberg, msomi wa mimea wa Sweden. Jina hilo lilichapishwa London mwaka 1825, na asili ya mmea ni Afrika, Mashariki yetu ikiwemo. Ulaya baridi huuua, ndiyo maana huko hupandwa upya kila mwaka kwa mbegu za kununua, pakiti moja kama pauni mbili, zaidi ya shilingi 5,000. Hapa huishi miaka, na jirani huufyeka kwa panga kila anaposafisha mpaka. Mwaka 1862 mpelelezi James Augustus Grant, aliyeachwa na mwenzake wa safari Speke hapa Karagwe kwa Mfalme Rumanyika kwa sababu ya donda la mguu, alikuwa mkusanyaji wa mimea. Angekuwa mpangaji wangu angejaza begi bila kuvuka uzio.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu mlio ughaibuni: kabla ya kulipia pakiti, tumeni kwanza picha yake kwa shangazi. Na kama bado mna moyo wa kutusaidia, tumeni wavu wa uzio. Mbuzi wa jirani wamezaa.